Mji uliopanda mlimani ukayaacha mahekalu yake uwandani

Ukishuka treni kwenye kituo cha Paestum, kusini mwa Salerno nchini Italia, mji huuoni. Unaona barabara moja iliyonyooka, mashamba huku na huku, na mbele yako lango la mawe katika ukuta wa kale. Lango hilo linaitwa Porta Sirena. Ukilipita ukaendelea kutembea kama robo saa, mahekalu ya Kigiriki yanaanza kukutokea, matatu, yamesimama kwenye majani mabichi, nguzo zake za rangi ya asali zikiwa pale pale zilipowekwa miaka 2,500 iliyopita. Geuka sasa utazame ulikotoka, upande wa mashariki. Kule juu, begani mwa mlima, zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, kuna nyumba zilizobanana. Mji wenyewe ni ule. Unaitwa Capaccio.

Hapo ndipo fundo lilipo. Chini kuna mahekalu yasiyo na mji, juu kuna mji usio na mahekalu, na katikati yake ni mashamba na mazizi ya nyati wa kufugwa. Tangu mwaka 2016 manispaa yote inaitwa rasmi Capaccio Paestum, majina mawili yamefungwa pamoja kama mume na mke walioachana wakarudiana. Maelezo mengi wanayopewa watalii hulikata fundo hili kwa sentensi moja: maharamia walikuja, watu wakakimbia. Si uongo, lakini maharamia hawakai miaka 900, na uwanda huu ulikaa mtupu kwa muda unaokaribia huo. Kwa maoni yangu ufunguo wa habari nzima ni maji, na habari yenyewe inaishia kwenye kitu ambacho huenda wewe unayesoma hapa unacho dirishani kwako.

Tuanze na majina, maana yenyewe yanachanganya watu.

Karibu mwaka 600 KK walifika hapa Wagiriki kutoka Sybaris, mji tajiri uliokuwa upande wa pili wa rasi ya Italia. Walichagua uwanda wenye rutuba kusini mwa mto Sele, wakajenga mji wakauita Poseidonia, yaani mji wa Poseidon, mungu wao wa bahari. Ukuta wake, ambao sehemu kubwa bado imesimama, unazunguka kwa karibu kilomita 4.75 na kukumbatia eneo la hekta 120 hivi. Mwishoni mwa karne ya 5 KK Walukania, watu wa milimani waliozungumza lugha ya Kioska, wakautwaa, na jina likawa Paistom. Mwaka 273 KK Roma ikaleta walowezi wake wenye kusema Kilatini, na jina likawa Paestum. Kwa hiyo ukisikia Poseidonia, Paistom na Paestum, usidhani ni miji mitatu. Ni mji mmoja uliobadilishiwa jina kila lugha ilipobadilika.

Kuhusu badiliko la kwanza, lile la Wagiriki kuingia chini ya Walukania, ipo habari moja ambayo mimi siwezi kuipita haraka. Aristoxenus wa Taranto, mwanafunzi wa Aristotle, aliisimulia, na mwandishi mwingine wa Kigiriki, Athenaeus, akaihifadhi. Anasema watu wa Poseidonia walipoteza lugha yao na desturi zao, wakawa kama wageni waliowatawala. Walibaki na sikukuu moja tu ya Kigiriki. Siku hiyo walikusanyika kila mwaka, wakayakumbuka yale maneno ya zamani na mila za zamani, wakaombolezana na kulia, kisha wakaenda zao. Aliyewahi kulea watoto mbali na lugha ya mama yake atawaelewa watu hawa bila kufafanuliwa. Ardhi yenyewe inatoa picha yenye upole zaidi kidogo: mahekalu yaliendelea kutumika chini ya Walukania, na watawala hao wapya walipenda kupaka makaburi yao picha za rangi, wapanda farasi wanaorudi vitani, wanawake wanaomlilia maiti. Hata hivyo kile kilio cha mara moja kwa mwaka hakinitoki akilini.

Fundo la pili ni majina ya mahekalu. Kwenye ramani na kadi za posta utakuta "Basilica", "Hekalu la Neptune" na "Hekalu la Ceres". Yote matatu ni makosa ya karne ya 18 ambayo hayakufutika. Lile la kusini kabisa, lililojengwa katikati ya karne ya 6 KK, lina nguzo 9 upande wa mbele na 18 ubavuni. Tisa ni hesabu ngeni kwa hekalu la Kigiriki, kwa sababu nguzo ya tano inaangukia katikati kabisa, pale ambapo mtu angetazamia mlango. Ndani pia kuna safu moja ya nguzo inayokatiza katikati ya ukumbi. Wasomi wa wakati ule walipoona umbo hilo, na paa la pembetatu limekwisha kuanguka, wakasema hili si hekalu, ni basilika, jengo la Kirumi la mahakama na biashara. Baadaye sadaka zilizochimbuliwa hapo zikaonyesha mwenye nyumba ni Hera, mke wa Zeus.

La pili, lililo jirani yake, lilijengwa karibu mwaka 460 KK na ndilo lililosalia vizuri kuliko yote: nguzo 6 kwa 14, kila nguzo ya nje ikiwa na michirizi 24 ya wima badala ya 20 iliyozoeleka. Walifikiri tu kwamba hekalu kubwa kabisa katika mji wa Poseidon lazima liwe la Poseidon, ambaye kwa Kilatini ni Neptune. Wataalamu wa leo wanabishana kati ya Hera, Zeus na Apollo. La tatu, upande wa kaskazini mahali palipoinuka, lilipewa Ceres, mungu wa nafaka, mpaka zilipopatikana sanamu ndogo za udongo za Athena. Namna ya kumjua mwenye hekalu, kwa hiyo, ni kuangalia watu wa kawaida walimletea nini. Mama aliyenunua sanamu ya udongo sokoni akaiweka kwenye madhabahu ametuachia ushahidi wenye nguvu kuliko kisio la msomi.

Kati ya mahekalu haya, karibu na uwanja wa soko la kale, kuna kitu kidogo ambacho wageni wengi hukipita. Ni kijumba kilichozamishwa ardhini, kina paa la mawe, hakina mlango. Mwaka 1954 wachimbaji walitoa bamba la juu wakakuta chumba ambacho hakikuwa kimeguswa tangu kilipofungwa mwaka 520 hivi KK. Hapakuwa na maiti. Kulikuwa na fito za chuma, na vyombo vinane vya shaba nyeusi vilivyonakshiwa, na ndani ya vyombo hivyo mlikuwa na kitu cha kunatanata kilichokauka, rangi ya kahawia inayoelekea chungwa. Walisema mara moja: asali. Huenda chumba kilikuwa kwa heshima ya mwasisi wa mji, na asali ni chakula cha wasiokufa. Lakini maabara zilipopima, mara moja, mara ya pili, kwa miongo kadhaa, hazikuona sukari, na jibu likawa ni mafuta au nta iliyochafuka. Hatimaye mwaka 2025 wanakemia wakapima tena kwa mitambo ya kisasa, wakaona mabaki ya sukari na protini zitokanazo na nyuki. Ni asali kweli, pengine ililetwa na masega yake. Miaka 70 ya ubishi, na wale waliokodoa macho ndani ya chungu siku ya kwanza ndio waliokuwa sahihi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye makaburi, lipo moja ambalo peke yake linatosha kumsafirisha mtu. Tarehe 3 Juni 1968 mwanaakiolojia Mario Napoli alifungua kaburi dogo kilomita moja na nusu hivi kusini mwa ukuta. Lilikuwa na mabamba matano ya mawe yaliyopakwa lipu: manne pembeni, moja juu kama mfuniko. Yale ya pembeni yana picha za wanaume katika karamu, wamejiegemeza kwenye vitanda, mmoja anapiga zumari, mwingine anarusha tone la mwisho la divai kwenye chombo kama mchezo ulivyotaka. Hizo ni nzuri, lakini mfuniko ndio unaokusimamisha. Kijana aliye uchi amejirusha kutoka juu ya mnara mwembamba, mikono imenyooshwa mbele, mwili umepinda kidogo, kidevu kimeinuliwa, na chini yake kuna maji ya kijani yaliyochorwa kama kilima kidogo. Huku mti, huko mti. Hakuna kingine. Picha hiyo ilikuwa upande wa ndani, ikimtazama maiti. Ilichorwa kati ya mwaka 480 na 470 KK, na baada ya hapo haikuonwa na jicho la mtu kwa zaidi ya miaka 2,400. Michoro mikubwa ya rangi ya Wagiriki wa zama zile imepotea karibu yote, ndiyo maana mpiga mbizi huyu, kama anavyoitwa, ni hazina isiyo na mfano.

Sasa tuje kwenye maji.

Nyuma ya Capaccio kuna milima ya mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha huko, maji huzama kwenye nyufa, huyeyusha chokaa kidogo kidogo, kisha hutokea chini ya mlima kama chemchemi kubwa. Mojawapo inalisha mto mfupi uitwao Capodifiume, ambao hupita kusini mwa ukuta wa Paestum na kumwagika baharini. Maji hayo yakishapata hewa, hewa ukaa iliyomo hutoka, na chokaa haiwezi tena kubaki imeyeyuka. Inatua. Mtu yeyote aliyechemsha maji ya kisima kwenye birika moja kwa miaka anaujua ule ukoko mweupe ndani yake, mgumu, usiotoka kwa maji wala sabuni. Uwanda wa Paestum umetandikwa ukoko wa namna hiyo, unene wake mita kwa mita, na ukoko huo ukishakomaa unaitwa travertini. Ni jiwe imara, lenye vitundu vitundu, linalokatika vizuri kwa patasi. Mji ulijengwa juu yake, na mahekalu yalijengwa kwa mawe ya aina hiyo. Ukisogeza uso karibu na nguzo utaona vitundu hivyo na alama za mimea ambayo zamani ilizungukwa na maji ya chokaa, ikaoza, ikaacha nafasi yake ndani ya jiwe. Mwanajiografia Strabo, aliyeandika miaka 2,000 iliyopita, alisimulia kwamba kijiti kikitumbukizwa katika mto Sele hugeuka jiwe huku umbo na rangi yake vikibaki. Alitia chumvi kidogo, lakini alikuwa anaeleza jambo la kweli.

Strabo huyo huyo aliandika jambo la pili: mto unaotapakaa na kufanya vinamasi karibu na Paestum unaufanya mji usiwe na afya. Sentensi moja tu, imebeba karne za taabu. Maji yaliyowapa watu mawe ya kujengea miungu hayakuacha kutengeneza mawe. Yaliendelea kuacha ukoko kwenye mifereji, kwenye mitaro, kwenye mdomo wa mto. Pwani nayo ilikuwa ikirundika mchanga na kuyazuia maji yasitoke. Upande wa kusini na wa magharibi wa mji, ulio chini zaidi, ukaanza kuzama katika maji yasiyokwenda popote. Warumi hawakukaa kimya. Waliinua njia wakapambana na mitaro. Na mji huu wakati wa Roma haukuwa wa kudharauliwa. Mwaka 216 KK, Roma ilipokuwa imebanwa na Hannibal, jemadari wa Karthago, wajumbe wa Paestum walipeleka mabakuli ya dhahabu kuisaidia. Baraza likawashukuru na kuwarudishia dhahabu yao. Mshairi Virgil aliyasifu mashamba yake ya waridi yanayochanua mara mbili kwa mwaka. Lakini barabara kuu ya Kirumi ilipita mbali zaidi ndani ya nchi, biashara ikaifuata, na hazina ya mji wa kupigania maji ikapungua mwaka hadi mwaka.

Kufikia mwisho wa dola ya Kirumi watu walikuwa wamejikusanya kwenye kona moja tu ya hekta zile 120, ile iliyoinuka kaskazini, kuzunguka Hekalu la Athena. Hekalu likawa kanisa. Wakristo walizikwa ndani yake. Ni picha ninayoirudia mara nyingi: mji unaokauka kama dimbwi la kiangazi, mpaka kibaki kipande kimoja chenye unyevu wa uhai.

Na pamoja na maji yaliyotuama ilikuja homa. Waitaliano waliiona ikija kila kiangazi, jua linapopasha vinamasi na harufu ya matope inapopanda, wakahitimisha kwamba hewa yenyewe ndiyo sumu. Wakaiita mal'aria, hewa mbaya. Neno hilo likasafiri dunia nzima hadi likatufikia sisi, na leo hii mgonjwa wa Kigoma au Kisumu akisema ana malaria, anataja kwa Kiitaliano hewa ya vinamasi kama hivi, ingawa hewa haina hatia yoyote.

Hapo ndipo maharamia wanapoingia. Katika karne ya 9 Wasaraseni, kama Wazungu walivyowaita Waarabu Waislamu wa wakati ule, waliweka ngome Agropoli, kilomita zipatazo 10 kusini, wakawa wanaivamia pwani yote. Watu waliosalia Paestum, wachache, wagonjwa, nyuma ya ukuta mrefu ambao hawakuwa na idadi ya kuulinda, wakaondoka na askofu wao wakapanda mlimani. Walikwenda wapi? Juu ya ile chemchemi. Kijiji chao kipya kilipata jina la Kilatini Caput Aquae, maana yake mahali maji yanapoanzia, na jina hilo likalainika midomoni mwa watu kwa karne kadhaa mpaka likawa Capaccio. Maji yaliwafukuza uwandani, nao wakauita mji wao kwa jina la chimbuko la maji hayo hayo. Mwaka 1246 Mfalme Frederick II aliizingira ngome ya hapo, ambamo walikuwa wamejificha makabaila walioasi dhidi yake, akaibomoa. Wakazi wakajenga upya mlimani hapo hapo, mahali pengine, na huo ndio mji ulioko leo. Kwa hiyo hata Capaccio ni mbili, ya kale na ya sasa.

Pale Capaccio ya kale, kwenye mlima Calpazio, kanisa bado limesimama. Ndani yake yupo Bikira Maria ameketi, mkono mmoja amembeba mtoto, mwingine ameshika komamanga. Wanamwita Madonna del Granato, Bibi wa Komamanga. Sasa shuka jumba la makumbusho la Paestum, kabati la sadaka za Hera: sanamu ya mwanamke ameketi, mkononi komamanga. Wapo wanaosema ni imani moja iliyovaa nguo mpya, wapo wanaosema ni sadfa, kwa kuwa komamanga ni alama ya uzazi kote katika Mediterania. Mimi naona hivi: watu waliopanda mlima wakiwa wagonjwa hawakuweza kubeba nguzo za hekalu, lakini tunda walilizoea walilibeba.

Baada ya hapo uwanda ukalala. Inasimuliwa kwamba Wanormani, watawala wapya wa kusini mwa Italia, walichukua mawe kutoka Paestum kujengea kanisa kuu la Salerno katika karne ya 11. Vinginevyo hakuna aliyekuwa na haja ya kuja. Na hili ndilo jibu la swali ambalo wageni wengi hawalifikirii kuuliza: kwa nini mahekalu haya yamesimama wakati kwingine Italia yamebaki misingi tu? Kwa kawaida hekalu la kale haliuliwi na mvua wala tetemeko. Linauliwa na jirani anayetaka mawe ya kujengea nyumba. Paestum haikuwa na jirani. Homa ilikuwa mlinzi wake, mlinzi katili aliyeua watoto wa wachungaji na wavunaji kila msimu, lakini mlinzi aliyezuia nyundo.

Ndiyo maana pia neno "kugunduliwa" linaniudhi kidogo. Utasoma kwamba Paestum iligunduliwa katika karne ya 18. Wachunga nyati walikuwa wakiyaona mahekalu kila siku. Mwaka 1740 mbunifu wa majengo Ferdinando Sanfelice alimshauri mfalme wa Napoli achukue nguzo za huko kupambia jumba lake la Capodimonte. Bahati njema shauri hilo halikutekelezwa. Kilichotokea katika karne ile ni kwamba wasomi wa Ulaya walianza kuja kupima na kuchora. Mchoraji Piranesi alikuja katika miaka yake ya mwisho. Goethe, mshairi wa Kijerumani, alikuja Machi 1787, akazitazama nguzo nene zilizobanana, na kwa mara ya kwanza zikamchukiza, hata zikamtisha. Jicho lake lilizoea nguzo nyembamba. Akajilazimisha kukaa, akazunguka, akapita katikati yake, na haikupita saa moja akawa amepatana nazo. Kwa mgeni anayekwenda leo huo ni ushauri mzuri kuliko wowote: usipige picha ukaondoka, zunguka kwanza.

Karne ya 19 ilileta barabara. Ilipitishwa katikati ya mji wa kale, ikabomoa lango la kaskazini na kuukata uwanja wa kale wa michezo ya Kirumi vipande viwili. Mpaka leo unaona nusu ya duara la mawe, na nusu nyingine imelala chini ya lami. Kisha ikaja reli, na reli ikaja na wafanyakazi waliolazimika kuishi uwandani usiku na mchana, kiangazi chote, pamoja na wake zao na watoto.

Hao ndio watu wa jaribio la mwaka 1900.

Miaka miwili kabla yake, Giovanni Battista Grassi pamoja na wenzake huko Roma walikuwa wamethibitisha kwamba malaria ya binadamu huenezwa na mbu aina ya anofelesi. Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyefanya kazi India, alikuwa ameshafungua njia, na wawili hao waligombana vikali juu ya nani wa kwanza. Ross ndiye aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1902. Ugomvi wao nauacha hapo. Kuthibitisha maabara ni jambo moja, kuwaaminisha watu walioamini hewa mbaya kwa karne nyingi ni jambo jingine. Grassi alichagua mahali pabaya kuliko pote alipopajua, uwanda wa Capaccio, na akawachagua wafanyakazi wa reli na familia zao.

Alichofanya ni kuweka wavu wa waya kwenye madirisha na milango ya nyumba zao, na kuwataka wawe ndani kuanzia jua linapozama mpaka asubuhi. Ebu fikiria akili iliyomo katika jambo hilo dogo. Wavu unapitisha hewa. Ile ile hewa ya kinamasi, na harufu yake yote, inaingia chumbani usiku kucha, inavutwa na mapafu ya kila aliyelala. Kitu pekee kinachozuiwa ni mbu. Kama sumu iko hewani, watu wataugua kama kawaida. Kama iko kwa mbu, hawataugua. Dirisha lenyewe limegeuzwa kuwa hakimu.

Waliolindwa walikuwa 112. Walioishi jirani bila kinga, 415. Msimu ulipokwisha, katika wale 112 walikuwa wameugua watano. Katika wale 415, karibu wote.

Nimelelewa katika nyumba yenye wavu madirishani, na jioni mama alikuwa akikagua kila kona kama mlango wa wavu umefungika, akitufokea tuliouacha wazi. Kwa miaka sikujua kwamba jambo lile lilipimwa kwa mara ya kwanza kwa ukubwa huo katika uwanda wenye mahekalu matatu ya Kigiriki.

Yaliyofuata yalichukua muda: kwinini iliyouzwa na serikali, kisha kazi kubwa ya kukausha vinamasi vya uwanda wa Sele kwa mifereji na pampu. Katikati yake ikaja vita. Alfajiri ya tarehe 9 Septemba 1943 wanajeshi wa Divisheni ya 36 ya Marekani walitua kwenye ufuo wa Paestum; ipo picha ya siku chache baadaye, makarani wa jeshi wameweka meza na mashine zao za kupiga chapa katikati ya nguzo za Hekalu la Neptune, wanafanya kazi zao kama vile wako ofisini. Baada ya vita ikaja dawa ya kuua mbu iitwayo DDT, na mwaka 1970 Shirika la Afya Duniani likaitangaza Italia kuwa nchi isiyo na malaria.

Mlinzi katili alipoondoka, uwanda ulikuwa mikononi mwa wenye tamaa ya viwanja. Ardhi nzuri, pwani ya mchanga, mandhari ya mahekalu: nyumba za likizo zingefika mpaka mlango wa Hera. Umberto Zanotti Bianco, ambaye mwaka 1934 pamoja na Paola Zancani Montuoro alivumbua patakatifu pa Hera kwenye mdomo wa mto Sele, alipigania sheria iliyopitishwa mwaka 1957, ikikataza ujenzi mpya ndani ya mita 1,000 kuzunguka ukuta. Ndiyo sababu unaposhuka treni leo huoni mji. Ndani ya ukuta wenyewe sehemu kubwa bado ni mashamba ya watu binafsi, na chini ya mashamba hayo kuna mitaa ya Poseidonia ambayo haijachimbwa.

Nje ya mita hizo elfu, watu wamekwisha kushuka. Wanalima mboga iitwayo artichoki, wanakamua nyati na kutengeneza jibini ya mozzarella inayouzwa ingali vuguvugu asubuhi. Wakazi wengi wa manispaa sasa wanaishi chini uwandani, na mtaa wao mkubwa kuliko wote unaitwa Capaccio Scalo, jina linalomaanisha Capaccio ya kituo cha treni. Umeota kando ya reli, ile reli ya wale watu 112.